Kaptula Mbele ya Mama Mony

Vuthy, uko hewani? Jibu basi, nakufa!

Nimepiga pedali kutoka kwetu Kratie mpaka Phnom Penh salama, nimevuka daraja, halafu nimenaswa na harusi ya watu!

Turubai limefunga barabara nzima kama kawaida. Msafara wa bwana harusi ulikuwa unapangwa, wawili wawili na sinia za matunda. Nikashuka nisukume baiskeli nipite pembeni. Mzee mmoja akanidaka: "Kijana, huyu bibi hana mwenzake. Shika mananasi!"

"Mjomba, hebu nitazame nilivyovaa."

"Akutazame nani? Watu wanatazama matunda."

Vuthy, nilivaa ile kaptula ya kubana. ILE uliyosema inaonyesha mpaka nilichokula jana.

Basi nikaandamana nao. Kufika kwa bibi harusi, nani anapokea sinia mlangoni? Mama yake Mony wangu! Yule niliyepanga kwenda kujitambulisha kwake KESHO, na shati nimelibeba mkobani limepigwa pasi! Kumbe bibi harusi ni mpwa wake.

Mony, aliyekuwa nyuma yake, akaropoka, "Mama, huyu ndiye Rithy." Mbele ya watu!

Mama akanitazama juu mpaka chini. Chini macho yakakaa sana. Akapokea mananasi.

"Matunda umeshaleta," akasema. "Kesho leta wazazi. Na suruali."

Wazazi, Vuthy! Mama yangu hajui hata kama Mony yupo duniani!

Nimejifungia chooni, watu wanagonga. Kimbia kwetu sasa hivi, mwambie mama apande basi.

Ya kaptula usimwambie.