Nauli ya Kwenda kwa Mama

Jumatatu, 1 Desemba

Nafua mashuka tangu alfajiri. Wageni wa Nairobi wameanza kuingia kwenye nyumba za kukodi hapa Kikambala, na kila anayeingia hulala kama anapigana na kitanda. Mchanga mpaka ndani ya foronya. Mgongo sina.

Mshahara wa wiki nimeugawa kabla haujapoa. Kodi. Unga, mafuta, makaa. Ada ya shule ya Mwende, binti yangu, ya Januari. Kilichobaki nimempelekea Mama Zuhura, jirani yangu, aniwekee. Hiyo ni nauli. Nikiiweka kwangu italiwa, nalijua hilo, nyumba yangu ina mdomo. Kwa Mama Zuhura ni amana, na yule mama hagusi amana ya mtu hata akilala njaa.

Krismasi hii naenda kwa mama, huko bara, Mwingi. Ni Desemba ya nne nasema hivi.

Alhamisi, 4 Desemba

Kyalo amepiga simu. Ndugu yangu huyu simu yake haiji bure. Amesikia nakuja, basi ameanza kutaja: sukari, mchele, leso za mashangazi, viatu vya watoto wake, na kitu kidogo cha wazee. Ati sisi wa pwani tunakula pesa za watalii. Mimi watalii nawajua kwa mashuka yao tu.

Sikumjibu vibaya. Ana haki yake. Mtu aliyekaa pwani miaka yote hii hashuki basi na mkoba wa begani peke yake. Watamcheka mama. Watasema bintiye alikwenda kuota jua. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu haupewi hata kiti.

Hilo ndilo lililonikwamisha miaka yote. Nauli ningeipata. Mzigo ndio sikuupata.

Jumapili, 7 Desemba

Mchango kanisani. Sare za kwaya. Wanasoma jina na ulichotoa, kwa kipaza sauti, na watu wanageuka kukutazama. Nikatoa pesa za makaa. Mimi hata siimbi kwaya.

Tumepikia vifuu vya nazi. Moshi nyumba nzima, watoto wanakohoa. Nina hasira na kwaya, nina hasira na mimi.

Jioni mama alipiga simu, kama kila Jumapili. Aliuliza watoto, aliuliza mvua. Hakuomba kitu. Haombi kamwe. Angeomba ningenung'unika kidogo nikapumzika.

Jumatano, 10 Desemba

Nauli imepanda. Nilipita ofisi ya mabasi Mtwapa baada ya kazi. Karani anasema wiki ijayo itapanda tena, na anasema kwa upole kama daktari.

Ningekata tikiti leo. Lakini tikiti bila mzigo ni ya nini? Mutiso, mume wangu, anamjengea mtu nyumba huko Junju, na mwenye nyumba ameahidi kulipa Jumamosi. Nitangoja. Nitakata tikiti na kununua mzigo pamoja.

Jumamosi, 13 Desemba

Amelipwa nusu. Katika hiyo nusu amemnunulia Kioko, mdogo wetu, viatu vinavyowaka taa kwenye kisigino, na Mwende gauni. Krismasi, anasema, mtoto hawezi kuvaa nguo ya mwaka jana. Alikuwa anatabasamu. Nikamuuliza gauni lile tutalila na mboga gani. Tabasamu likaisha. Hatujasemezana tena.

Kioko hataki kuvua viatu. Anapiga mguu chini ili viwake. Nimechoka hata kumkataza.

Jumanne, 16 Desemba

Maji yamekatika mtaa mzima. Mwenye mkokoteni amepandisha bei ya mtungi kwa sababu ni msimu. Kila mwenye kuuza kitu amegundua msimu. Nyanya, msimu. Vitunguu, msimu. Kinyozi wa watoto, msimu. Bei yangu mimi tu ndiyo haijapanda.

Nimekwenda kwa Mama Zuhura nikachukua sehemu ya amana. Alifungua pindo la leso, akanipa, akafunga. Angenitukana ningeona nafuu.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimehesabu mara mbili. Kilichobaki kinatosha nauli ya mtu mmoja, kwenda na kurudi. Au kinatosha mzigo. Vyote viwili hakitoshi, hata nikikivuta kama unga wa chapati.

Nilimwambia Mama Zuhura naahirisha. Alikuwa anachambua mchele.

"Mamako akutaka wewe ama ataka sukari?"

Nikamwambia wewe hukujui kwetu. Akasema haya mwanangu, wajua mwenyewe, akaendelea na mchele wake.

Nimempigia mama. Nimemwambia nitakuja Pasaka, nije kwa heshima, na vitu vyangu.  Akasema haya, Pasaka si mbali, na akaniuliza kama nakula vizuri. Basi. Hakugomba. Hakulia. Nilitaka agombe. Nimeingia chooni nikalia mimi.

Jumapili, 21 Desemba

Mama alipopiga simu leo nilimpa Kioko aongee. Alipomaliza akaniuliza: "Yule nyanya wa kwenye simu ana uso gani?"

Ana miaka minne. Hajawahi kumwona. Nikaanza kumweleza: uso mwembamba, pengo la jino la mbele, nywele bado nyeusi. Nikasita. Huo ni uso wa siku tulipomzika baba. Wa leo siujui.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimechukua amana yote. Tikiti nimekata ya kesho kutwa asubuhi, kwa bei ya msimu, kiti cha nyuma kabisa. Msimamizi wa nyumba za wageni amesema nikiondoka wakati huu atanikata siku zote nitakazokosa. Akate. Nimemtumia Kyalo ujumbe anipokee barabarani.

Mutiso aliuliza, "Na mzigo?" Nikasema hakuna. "Watasemaje?" Nikasema waseme. Akakuna kichwa. Ana hofu ya watu kama mimi, tena yeye ni mkwe. Baadaye akamwomba Mwende amfundishe kukanda unga wa chapati, kwa sauti ya chini ili nisisikie. Nilisikia. Hasira ya gauni imeisha nusu.

Nimebakiwa na cha kununulia robo kilo ya majani ya chai. Ndicho nitakachokwenda nacho. Robo ya chai na aibu.

Jumatano, 24 Desemba

Nimefika. Naandika kwenye kitanda cha mama, na yeye amelala hapa ubavuni.

Kyalo alikuja kunipokea barabarani na toroli. Toroli zima. Basi likaondoka, yeye bado anatazama linakoelekea, anadhani mzigo wangu umesahauliwa juu ya paa. Nikamwambia mzigo ni mimi. Hakucheka. Tulitembea mpaka nyumbani tukisukuma toroli tupu, tukiwapita watu wanaotujua, na kila mtu alisalimia akiangalia toroli. Nilitaka ardhi inimeze.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimeshapanga maneno, mambo yalikuwa mabaya mama, nisamehe, Pasaka nitaleta. Akainua uso na kuniuliza mimi ni nani.

Macho yake ni meupe. Yote mawili. Mtoto wa jicho. Haoni.

Nilipotaja jina langu alishika mikono yangu, yote miwili, akaibana. Hakuuliza nimeleta nini. Nilikuwa nimeificha ile chai mgongoni, na ikaanguka chini. Hakujua. Hajaona kitu mkononi mwa mtu tangu mwaka juzi.

Nilimgeukia Kyalo nikamfokea mbele ya watoto wake. Miaka miwili unaniomba leso na viatu, na hili hukulisema? Akainamisha kichwa. Mama ndiye aliyejibu, kwa Kikamba, taratibu, kama anayeeleza jambo la kawaida.

"Nilimkataza. Ungejua, ungetaka kuja na pesa za daktari. Ungekaa miaka mingine ukizitafuta."

Ningefanya hivyo hivyo.

Alhamisi, 25 Desemba

Mvua kidogo asubuhi. Kyalo amekwenda kanisani na watoto wake. Mashangazi walipita. Mmoja aliuliza pwani kuna nini siku hizi, nikamwambia joto. Waliondoka mapema. Yamekwisha, na sikufa.

Nimempigia Mutiso. Chapati zimekuwa ngumu lakini zimeliwa. Nilimweleza kuhusu macho. Akasema mwenye nyumba wa Junju bado ana nusu yetu, tutaanzia hapo. Kyalo naye amesema ataongea na watu wa hospitali baada ya sikukuu. Tutaona.

Mchana nimemwogesha mama, nikampaka mafuta, nikamvika gauni lake safi. Amekuwa mwepesi sana. Tulikaa upenuni tu, mimi na yeye, hatuna cha kufanya. Akaniambia nisogee. Akanipapasa uso: paji, macho, mashavu, hapa chini ya kidevu ambapo ngozi imelegea. Alikawia hapo. Akasema nimeanza kuzeeka, nafanana naye.

Sikuondoa uso. Mpaka akachoka mwenyewe, akashusha mkono, akalala pale pale kwenye kiti.