Aliyeitika Jina Langu

Mhunze, Jumamosi usiku

Na bado namwonea wivu, Mungu anisamehe.

Leo ilikuwa misa ya kumkumbuka Masanja. Neema, askari mwenzake huko walikokwenda kulinda amani, amesafiri kutoka mbali kuja. Mama Masanja akamkalisha ubavuni pake, mahali pangu mimi, niliyekuwa nikingoja kuolewa na mwanawe. Neema akasimulia jinsi Masanja alivyowachekesha kambini, akimwiga fahali wa baba yake anavyogoma kuingia kwenye josho. Watu walicheka huku wakilia. Mimi sikucheka. Masanja niliyemjua mimi alikuwa mkimya. Huyo mchekeshaji alikuwa Masanja wao.

Jioni nilimsindikiza Neema kwenye bajaji. Nikamuuliza kwa ukali, "Ulikuwepo alipokata roho?"

"Nilikuwepo, dada. Nilikuwa nimemshika. Macho yalikuwa hayaoni tena. Akaita, 'Kabula, upo?'"

"Ukamwambia nini?"

Akainamisha kichwa. "Nikamwambia, 'Nipo, Masanja.' Nisamehe, dada."

Nikamkumbatia, tukalia mpaka dereva akazima injini.

Ni mimi niliyepaswa kuitika. Wivu haujaisha. Lakini Masanja wangu hakufa akiita bila kujibiwa.