Somo Ulilolipigania

Shangazi Zuwena,

Wamejibu. Nimetaka neno hilo ulisikie kabla ya salamu, kabla sijakupa khabari za nyumbani, kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kila nikiingia chumbani kwako hospitali. "Wamejibu?" Hata siku ile sauti ilipokwisha ulinitazama tu, ukanyanyua nyusi, nami nikatikisa kichwa. Ukafumba macho. Wiki ile ile tukakuzika.

Jibu lilikuja baada ya arubaini yako. Katibu wa kamati ya mafunzo ya mawakili alinipigia simu, akanambia somo lako la mashahidi na wakalimani limekubaliwa, lakini kwa majaribio. Lifundishwe mara moja, kamati nzima ikae isikilize, kisha iamue kama saa zake zitahesabiwa. Wewe unajua maana yake. Wakili anayetaka kuendelea kusimama mbele ya mahakama ya juu lazima atimize saa zake za masomo, na hakuna wakili hapa Maskati atakayefunga ofisi mchana kutwa kwa somo lisilohesabiwa. Wakikataa, ndiyo basi tena. Na wa kulifundisha, akasema katibu, ni mimi.

Niliogopa, shangazi. Watu siwaogopi, unanijua, nikianza kusema sinyamazi. Nilichoogopa ni kukiua kitu chako kwa mkono wangu.

Wenzangu wengine walidhani somo hili ulilitunga kwa kupenda Kiswahili chako. Mie nilikuwepo siku lilipozaliwa. Nilikuwa bado najifunza kazi kwako, ofisi ya Azaiba, nabeba mafaili na kukaa nyuma yako mahakamani. Shahidi wetu alikuwa mpishi wa mkahawa kutoka Kenya, aliyefukuzwa kazi na bosi wake. Akasema, "Bibi ya bosi alikuwa hapo, aliona yote." Mkalimani alikuwa mtu mwema, aliyelelewa Unguja kama sisi, naye akaitia Kiarabu kama alivyoisikia: nyanya yake mwenye mkahawa alikuwepo. Wakili wa upande wa pili akasimama anatabasamu. Yule nyanya, akasema, amekufa kabla mkahawa haujafunguliwa. Watu wakacheka. Mpishi akabaki anageuza shingo huku na huku, hajui amekosa nini.

Ukaomba ruhusa ya kumuuliza tena. "Bibi gani huyo, mwanangu?"

"Mke wake, mama. Kwetu mke ndiyo bibi."

Basi. Neno moja. Kesi ikatengemaa. Lakini njiani kurudi hukufurahi hata kidogo. Ulishika usukani ukanambia, "Leo nilikuwepo mie. Kesho atakuwepo nani?" Ukaanza kuwaomba kamati mawakili wafundishwe namna ya kumuuliza shahidi anayesema kwa kinywa cha mtu mwengine. Kila mwaka mwenyekiti, Ustadh Hilal, alikujibu lile lile: "Bi Zuwena, hayo ni mambo ya lugha, si ya sheria." Unarudi nyumbani Sib, unaingia jikoni bila ya kuvua abaya, unakatakata vitunguu mpaka vinakuwa uji. Baba akikuchungulia mlangoni anarudi zake.

Nilipokuwa natafuta mtu wa kuigiza shahidi, nikamkumbuka Mwende, yule muuguzi wa Kenya uliyekuwa ukimtania kwamba Kiswahili chake kina mawe, naye akikujibu kwamba chako kina asali mpaka kinateleza. Nikamfuata hospitali, Bawshar. Nilikuwa sijamaliza maneno yangu. "Madam Zuwena alikuwa mtu wangu," akasema. "Niambie tu nikuje saa ngapi." Akatoa siku yake ya mapumziko.

Ukumbi ulijaa, sikutegemea. Nadhani wengi walikuja kwa heshima yako, na wengine kwa kutaka kuona nitaanguka vipi. Kamati ilikaa safu ya mbele. Nilikuwa nimepanga tuigize kesi ya bibi: Mwende shahidi, mie mkalimani, na wakili wa kuuliza awe Ustadh Hilal mwenyewe. Nilimuomba mbele ya watu wote ili asiweze kukataa. Hilo nimelitoa kwako.

Tukaigiza. Bibi akawa nyanya, nyanya akawa mke, watu wakacheka, wakaandika. Ustadh Hilal akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha za harusi asiyoijua. Nikamuona. Nikasema moyoni, hatukufika popote.

Lakini alikuwa bado na zamu yake ya kuuliza, na yule, unamjua, akishika shahidi hamuachi. Akamuuliza Mwende tajiri wake alimfukuza lini kazini. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Mwende akajibu kama anavyojibu kila siku: "Alinifukuza tu juzi." Nami, bila ya kufikiri, nikatia Kiarabu: siku moja kabla ya jana.

Ustadh Hilal akageukia ukumbi amefungua mikono. "Mwanzo ametwambia kwamba tangu kufukuzwa ameshahama nyumba, ametafuta kazi, amekataliwa kazi. Yote hayo tangu juzi? Shahidi huyu muongo!"

Mwende amekaa wodini miaka, Kiarabu anakisikia. Akanyanyua mkono. "Ngojeni kwanza. Rayya, hiyo juzi umewaambia si juzi yangu. Nikisema tu juzi, ni hivi karibuni. Inaweza kuwa hata mwezi umeisha."

Shangazi, nilihisi uso unawaka. Mie! Niliyezaliwa ndani ya Kiswahili, niliyesimama pale kuwafundisha watu, nimemfanya shahidi wangu muongo mbele ya kamati nzima. Kisha nikakusikia, wallahi nilikusikia, ile sauti yako ya kunifinya paja: sema kweli, halafu endelea. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Mnaona? Mie nnazungumza lugha yake, nampenda, na nimemkosesha. Sasa mfikirieni mkalimani aliyechoka, asiyemjua, na wakili asiyejua kwamba ana haki ya kusimama na kuomba shahidi aulizwe tena."

Ustadh Hilal alikaa kitini. Akavua miwani, akaishika mkononi, akamtazama Mwende. Kisha akasema polepole, kama anajisemesha mwenyewe, "Nimewafanyia hivi wangapi?"

Mwende akamjibu kwa Kiarabu chake cha wodini, kwa upole ule ule aliokuwa akikupa dawa, kwamba Mungu ndiye ajuaye, na kwamba kesho ipo.

Baada ya hapo maswali hayakwisha. Hata kahawa na halwa zilipoletwa watu walibaki wamesimama wanaulizana: shahidi wa Kibaluchi je, wa Kibangali je, nani ana haki ya kumsimamisha mkalimani, na kwa maneno gani asivunjiwe heshima. Kamati haikungoja kikao. Ustadh Hilal alinifuata mlangoni, akasema saa zote zitahesabiwa, na somo litakuwepo kila mwaka. Akataka kuongeza jambo juu yako. Akaweka mkono kifuani, akaenda zake.

Nilipofika nyumbani nililala mpaka Mama akaja kunishika paji la uso akidhani naumwa. Kumbe ulikuwa usingizi tu, ule ambao sijaupata tangu uingie hospitali.

Na ngoja, lipo jengine. Wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja, Salim, wakili mgeni kazini, aliyekaa siku ile viti vya ubavuni. Alikuwa na kesi ya dereva kutoka Mombasa. Mkalimani alipotafsiri, Salim akamuona dereva amekunja uso, akasimama, akaomba mahakama imuulize tena. Salim hajui Kiswahili hata neno moja, shangazi. Alitazama uso tu. Dereva akaulizwa, akaeleza, ikaandikwa alivyosema. Mie nilikuwa Azaiba nakunywa chai, sina khabari.

Basi pumzika sasa, mama yangu. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Ijumaa nitakuja na Baba tukusomee, na Mwende amenituma nikufikishie sala zake kwa dini yake. Nami nakuahidi jambo moja: sitaling'ang'ania somo hili likawa langu. Nimeshamuomba Salim alifundishe mwakani, na amekubali. Mie nitakaa safu ya nyuma, nihesabiwe saa zangu kama mawakili wengine.

Mtoto wa kaka yako,
Rayya