Moto Usioonekana Mchana

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku wazima, ila goti langu limeanza tena ukorofi. Majirani wamechoka kunisikia nikisema binti yangu yuko wizarani anaandika sera ya haidrojeni safi. Wacha wachoke.

Hiyo gesi nimeifanyia kazi miaka ishirini na sita kiwanda cha mbolea. Haina rangi, haina harufu, na ikishika moto mchana huuoni. Tulikuwa tunatembea tumenyoosha fagio mbele. Likiwaka, unarudi nyuma. Usicheke. Andika kwenye sera kwamba kiwanda kisifunguliwe bila vifaa vya kuutambua moto huo. Mdogo wako ameajiriwa pale kiwanda cha majaribio cha gesi hiyo, na unamjua alivyo: haoni hatari mpaka imkanyage.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kazi tu ndiyo imenibana. Pole na goti. Barua yako niliwasomea wenzangu. Hilo fagio liliwanyamazisha. Nimeandika kifungu cha kumi na nne, maneno yako karibu yote. Mwambie kitinda mimba wetu avae viatu vya kazi, asituaibishe na kandambili.

Binti yako

7 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Redio imesema sera imepitishwa. Nimefurahi mpaka nimemlilia marehemu mama yako.

Mdogo wako anasema vifaa bado havijafungwa, na fagio nililompa limetupwa na msimamizi wake, eti ushamba. Mdogo wako alitaka kuacha kazi. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu, dada yako ameshaandika, vifaa vinakuja. Mbona kimya?

Baba yako

30 Agosti

Mwanangu,

Sina nguvu ya salamu ndefu. Siku ya kumzika mdogo wako hukuinua uso, nami sikutaka kukusemesha mbele za watu. Wenzake wamekuja kunieleza. Ilikuwa saa sita, jua kali, bomba linavuja na kuwaka, naye akapita hapo hapo kwa sababu hakuona kitu.

Kila anayekuja kuhani namwambia binti yangu alionya kwa maandishi, kiwanda ndicho kilichokaidi. Nitumie nakala ya sera niwapelekee wakubwa wa kiwanda, niwawekee kidole kwenye kifungu. Mtoto wangu asife hivihivi.

Baba yako

11 Septemba

Shikamoo Baba,

Hali sikuulizi, naijua.

Kiwanda hakikukaidi. Wawekezaji walisema kile kifungu kitawachelewesha mwaka mzima, mkuu wangu akasema kitaingia kwenye kanuni baadaye. Nilikifuta mwenyewe, kwa mkono wangu, mwezi wa nne.

Barua yako ya Juni naijua kwa moyo, hasa pale uliposema alitaka kuacha kazi. Ningekujibu siku ile, ungemwacha aache. Niliona aibu, Baba, nikanyamaza.

Nakala imo ndani ya bahasha hii. Kifungu cha kumi na nne sasa kinahusu msamaha wa kodi. Wanaokuja kuhani usiwaambie tena kwamba nilionya.

Binti yako