Maji ya Bi Zuwaina Niliyafungua Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zahran bin Hamdun
Umri: Miaka 51
Kazi: Dereva wa kutembeza wageni
Elimu: Darasa la sita
Makazi: Nizwa. Mzaliwa wa kijiji cha Hail Rumman, mlimani
Tarehe: 16/11/2014, saa 5:20 asubuhi

Nimemkosea Ghusn bin Matar. Naanza na hilo, afande, lisije likaandikwa chini kabisa. Maji ya Bi Zuwaina niliyafungua mimi. Ghusn hakuyagusa.

Mnamo tarehe 14/11/2014, siku ya Ijumaa, saa 1:00 asubuhi, nilikuwa soko la mbuzi la Nizwa na wageni wawili kutoka Kuwait, Bwana Fawaz na mkewe. Siku ilianza vizuri mno. Wauzaji walikuwa wanazunguka na mbuzi wao, Bwana Fawaz akamshika mmoja na kumpanua mdomo, anahesabu meno kama mtu aliyezaliwa zizini. Mwuzaji akamwambia, "Sheikh, unanunua mbuzi au unamposa?" Soko zima likacheka. Saa 3:10 tulikuwa ngome ya Bahla. Tulipanda mpaka juu kabisa, na mimi nikaeleza mpaka sauti ikakauka. Mke wa Bwana Fawaz akasema hajawahi kupata dereva kama mimi. Kichwa kikavimba.

Saa 5:50 tulifika Hail Rumman. Wanaume wote walikuwa wameshaingia msikitini kwa sala ya Ijumaa. Mimi sikuingia. Nilijiambia ni msafiri.

Mfereji wa kijiji unapita kando ya shamba la marehemu baba yangu. Shamba lile halijalimwa miaka sita. Bwana Fawaz akasimama akaangalia mitaro mikavu ya shambani, akasema, "Zahran, tangu asubuhi unatusifia maji ya kwenu. Ndiyo haya? Humu hata panya hawezi kutawadha." Mkewe akacheka. Mimi nikaona aibu.

Kila shamba kwetu lina tundu la kuingizia maji, na tundu linazibwa kwa jiwe lililofungwa kitambaa. Maji yanakwenda kwa zamu, na mchana zamu inapimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa uwanjani. Nilitazama kivuli nikaona ni adhuhuri, nikasema moyoni, Ijumaa adhuhuri ni zamu ya nyumba yetu. Utotoni ndivyo ilivyokuwa. Nilisahau kwamba baba alipofariki zamu zilipangwa upya, na yetu sasa ni Jumatano. Sikumwuliza mtu. Nikachomoa jiwe.

Maji yaliingia kwa nguvu. Wageni wakapiga picha, mimi nikavua viatu nikasimama katikati kama mwenye mji. Saa 6:25 tukaondoka. Jiwe sikulirudisha. Nililikumbuka tukiwa kona ya tatu ya kuteremka mlima, nikasema, Ghusn akitoka msikitini ataliona.

Ghusn ndiye msimamizi wa zamu, mwaka wa ishirini na mbili huu. Siku hiyo alikuwa ameshamfungulia Bi Zuwaina kabla ya sala, na baada ya sala alikwenda kuhani msiba kijiji cha jirani. Hakuona kitu. Maji yakapita shamba letu mpaka alasiri, yakateremkia kwenye migomba ya kaka yake Ghusn. Bi Zuwaina ni mjane, alikuwa amepanda vitunguu saumu juzi yake, na zamu yake hairudi mpaka Ijumaa ijayo. Alipokuta matuta makavu na migomba ile imelowa, alijua mwizi ni nani. Hata mimi ningejua hivyo.

Jumamosi tarehe 15, saa 2:00 asubuhi, nilisoma kwenye kundi la kijiji la simu kwamba Bi Zuwaina amemshitaki Ghusn hapa kituoni. Mtu mmoja akaandika, "Kumbe tulimkabidhi fisi bucha." Watu wakacheka. Mimi nikatuma kidole gumba. Ukweli wote ninao, afande, na nikatuma kidole gumba.

Leo Jumapili, saa 2:30 asubuhi, kulikuwa na kikao cha barazani cha kumvua Ghusn kazi. Jana nilikaa kimya kutwa, lakini leo nikapanda mlima. Nilikuta watu kama arobaini, na wanawake upande wa mlangoni. Ghusn aliweka daftari la zamu juu ya mkeka, akasema, "Nileteeni mtu mmoja aliyeniona. Mmoja tu."

Nikasimama. Nikasema, "Hayupo wa kumwona. Ni mimi." Nikaeleza yote, pamoja na kile kidole.

Bi Zuwaina akaniuliza, "Ijumaa ulikuwa hapa, mwana wa Hamdun? Na msikitini hukuingia?"

"Nilikuwa msafiri, Bibi."

"Msafiri! Kitovu chako kimezikwa hapo nje!"

Baraza likaangua kicheko. Ghusn hakucheka. Alinitazama, akasema, "Ungeweza kubaki zako Nizwa."

"Ningeweza."

"Mpumbavu wewe," akanikumbatia mpaka kilemba changu kikaanguka.

Bi Zuwaina aliingia katikati ya wanaume, akaokota daftari, akamsukumia Ghusn kifuani. "Shika kazi yako. Nilikuita mwizi mbele ya hawa, nisamehe mbele ya hawa hawa." Watu wote wakainuka wanaliita jina lake, Ghusn, Ghusn, na wanawake wakapiga vigelegele kama kuna harusi. Ghusn mwenyewe ndiye aliyemimina kahawa, na kikombe cha kwanza akanipa mimi. Nimeaibika mbele ya watu arobaini, afande, na moyo haujawahi kuwa mwepesi hivi.

Naahidi hili. Jumatano tarehe 19/11/2014 zamu yote ya nyumba yetu, muda wa saa moja na nusu, itaingia kwa Bi Zuwaina. Na matuta yake kumi na manne nitayapanda upya kwa mikono yangu, mbegu zangu, yote yawe yamekwisha kabla ya adhuhuri ya siku hiyo.

Niliyo nayo ni hayo, na ni kweli tupu.

Sahihi ya shahidi: Zahran bin Hamdun

Maelezo ya ofisa: Shahidi amekuja kwa hiari yake, amesomewa maelezo haya, amekubali na kutia sahihi mbele yangu saa 6:15 mchana. Mlalamikaji amefika na kuondoa malalamiko. Ghusn bin Matar ameambiwa yuko huru kwenda zake. Amejibu kwamba hatoki bila shahidi, kwa sababu wamekuja kwa gari moja.