Koplo Asiye na Kipande

Habsa, uko? Babu Kobia amenitolea siri saa hii hii, siamini.

Unajua mwaka wa 1966, wakati wa vita vya Shifta, wale waasi wa kaskazini, alikuwa karani hapa Isiolo, akiandika majina ya waliokamatwa. Siku moja koplo alimleta Awale muuza maziwa, rafiki wa Babu. Koplo akachukua kipande cha Awale, kile cha utambulisho, akakirarua mbele ya meza. AKAKIRARUA, Habsa!

"Hana kipande. Andika shifta."

Babu akaogopa, akaandika.

Wiki moja baadaye, mchana, askari wageni wasiomjua mtu hapa wakamburuta mlevi asiye na sare wala kipande. Ni yule koplo!

"Kobia, waambie! Si unanijua?"

Babu akachovya kalamu. "Jina la baba yako?"

"Kobia, ndugu yangu!"

"Vua viatu. Toa mshipi." Akaandika shifta, akakausha wino polepole, akawaonyesha askari seli.

Ile ya Awale. Ile ile!

Mimi niliyesomea amani chuoni nimepiga makofi, Habsa. Halafu nikamuuliza kama anajuta.

"Sana," akasema. "Lile neno nililomwandikia Awale."