Hapana ya Naibu Waziri

Jumatatu, 7 Oktoba

Waziri kasafiri tena. Mkutano wa huduma za vijijini – unafanyika Ulaya, kwenye hoteli iliyo ukingoni mwa ziwa. Maana yake wiki hii maswali ya Wizara ya Huduma za Bara nitajibu mimi. Ndiyo kazi ya naibu waziri: mwenye nyumba akitoka, wewe ndiye unayebaki mlangoni wadai wakija.

Mchana Bi. Norsiah, mkuu wa kitengo cha majibu, kaniletea faili. Mwanamke mpole, mtandio wake hauna kunyanzi hata moja, na majibu yake ni hivyo hivyo. Swali la nne kesho ni la Mheshimiwa Chiew wa upinzani, mtu wa mjini ambaye sidhani kama amewahi kukanyaga mtumbwi. Anauliza: je, kliniki ya Nanga Beruai inafanya kazi?

Nanga Beruai ni kwetu. Kitovu changu kiko pale, chini ya ngazi ya nyumba ndefu, ile ambayo kijiji kizima kinaishi chini ya paa moja.

Jibu la Bi. Norsiah lina kurasa mbili. Linaanza na kliniki zote za nchi, linazunguka kwenye sera, linatua hapa: "Kliniki tajwa inatoa huduma kwa kuzingatia mwongozo uliopo." Nikamwambia, Bi. Norsiah, kliniki hii imefungwa miaka kadhaa sasa. Jenereta ilikufa, daktari akahamishwa, na ndani ya jokofu la chanjo kuna kuku anaatamia. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama kuna mahali mwongozo unakataza kuku.

Jioni Indai akapiga. (Mama yangu. Hata kwenye shajara siwezi kumwita vingine.) Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, anahema. Mdogo wangu Sulan mimba imeingia mwezi wake, miguu imevimba kama vigogo, na mto umejaa. Mke wa jirani yetu Unchat alijifungulia mtumbwini mwezi wa Julai, njiani kwenda hospitali ya mjini. Mtoto alifia kwenye maporomoko, kabla hawajavuka.

"Wewe si ndiyo serikali?" akasema. "Basi iambie serikali."

Nikamjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa kwa uzito unaostahili. Akanikatiza: "Lemia, usiniongeleshe kama redio."

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nimefanya jambo.

Swali la kwanza lilitoka kwa mbunge wa upande wetu: je, Waziri yuko tayari kulieleza Bunge siri ya mafanikio yake? Nilikuwa tayari. Wakapiga meza. La pili, barabara ya milimani. Nikasoma kwamba barabara haijafutwa, bali iko katika hatua ya kutojengwa. Wakapiga meza tena. La tatu, mwenye swali hakuwepo, alikuwa mkahawani.

Kisha Chiew. Nikasimama, faili wazi mbele yangu. Jicho likaangukia "mwongozo uliopo". Nikafunga faili.

"Mheshimiwa Spika, hapana."

Nikakaa.

Kimya. Mzee wa viti vya nyuma aliyekuwa amelala tangu sala ya kufungua, kimya kile kikamwamsha. Spika akatazama taa ya kipaza sauti changu, akadhani kimekatika.

"Naibu Waziri, tunasubiri jibu."

"Ndilo hilo, Mheshimiwa Spika. Kliniki haifanyi kazi. Imefungwa."

Namwonea huruma Chiew. Alikuwa ameandaa swali la nyongeza la kuniumbua baada ya mimi kudanganya – karatasi nzima, kwa wino mwekundu. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Mheshimiwa Spika," akasema, "basi... nashukuru." Akakaa kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

Nimekula wali mkavu, nimeshindwa kumaliza.

Jumatano, 9 Oktoba

Waziri kapiga simu kutoka ziwani. Hata simuni lazima aitwe kwa cheo chake cha heshima, Datuk Seri.

"Lemia, nani kakutuma?"

"Hakuna, Datuk Seri. Niliulizwa swali."

"Maswali yanaulizwa kila siku. Hiyo si sababu ya kujibu."

Baadaye mnadhimu wa chama kaja ofisini na keki za kijani za majani ya pandani, uso wa msibani. Kaniambia kama mjomba: ungesema "bado," binti yangu. Neno "bado" halijamfukuzisha mtu kazi tangu nchi hii ipate uhuru. Kala keki tatu, zangu na zake.

Magazeti yote yana neno moja ukurasa wa mbele. Mwenye mkahawa wa chini ya ofisi kakataa pesa yangu ya kahawa. Kasema kwa leo ananinunulia yeye.

Waziri kakatisha mkutano. Anarudi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kikao cha wizara. Nilikaa kwenye kona kama mgonjwa anayejadiliwa na ndugu. Waziri Rahimin katoa agizo: Jumatatu wizara itatoa taarifa kwamba kliniki ya Nanga Beruai inafanya kazi kikamilifu.

Nikasema, lakini haifanyi.

Bi. Norsiah akanigeukia taratibu. "Taarifa ni ya Jumatatu, Naibu Waziri. Leo ni Ijumaa."

Sikuelewa. Wenzangu wote walielewa.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeelewa.

Indai kapiga, safari hii hahemi. Wamefunga dishi la mtandao juu ya paa la kliniki, anapiga akiwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa. Anasema tangu jana boti zinapanda mto kama siku ya arusi. Jenereta – mpya, ya manjano, ina kelele kuliko binamu zako. Vitanda. Mashine ambazo hajui kazi yake. Daktari kijana, Dk. Sivanesan, kashuka na viatu vyeupe kwenye matope. Kuku kahamishwa na mayai yake, kamdonoa fundi.

"Mwanangu, umefanya nini huko? Watu wanapaka rangi hadi mawe."

Nikamwambia nilisema hapana tu.

"Hiyo tu?" Akafikiri. "Miaka yote tunaandika barua za heshima."

Kumbe kwa wizara yangu aibu inasafiri haraka kuliko dawa. Miaka yote tulikuwa tunawaambia kliniki imekufa, hawakushughulika. Nimesema mimi bungeni, sasa lazima ifufuke – si kwa ajili ya wagonjwa, ni ili mimi niwe mwongo.

Nimecheka peke yangu jikoni. Halafu nikaacha kucheka, maana Sulan ameanza kuumwa tumbo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mtoto wa kike! Naandika haya kwanza.

Mengine kwa mdomo wa Indai: Waziri katua kwa helikopta na waandishi wa habari. Wakati anakata utepe, Sulan kashuka ngazi za nyumba ndefu ameshikiliwa na wanawake wawili, kapita katikati ya kamera, kaingia kliniki. Hakuna aliyethubutu kumzuia – mgonjwa wa kweli ndicho kitu pekee walichosahau kuleta. Mtoto katoka kitovu kimemzonga shingoni. Dk. Sivanesan kamfungua. Indai anasema mtumbwini asingepona, akalisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha akabadili mazungumzo.

Waziri kaomba apigwe picha na mtoto. Kapigwa. Kashauri mtoto aitwe Rahimah. Indai kamwambia: ahsante sana Datuk, ila jina anapewa na bibi, na bibi ni mimi.

Jumanne, 15 Oktoba

Picha iko kila mahali. Waziri, mtoto, jenereta. Chini yake: kliniki inayodaiwa kufungwa.

Bungeni mbunge wa upande wetu akasimama kudai nipelekwe Kamati ya Maadili kwa kulipotosha Bunge. Yule yule aliyeuliza siri ya mafanikio. Wa upinzani wawili wakamuunga mkono, kwa mazoea nadhani. Mnadhimu kaniletea masharti: Alhamisi nisimame nitamke kwamba kliniki inafanya kazi na kwamba naomba radhi, au nijiuzulu. Sentensi moja tu, anasema. Wameshaniandikia.

Mkahawani Chiew kaja kukaa mezani kwangu na bakuli lake la tambi. Watu wakageuka.

"Dada Lemia, mimi nina miaka bungeni nawashtaki mawaziri kwa uongo," akasema. "Sijawahi kuona mtu anashtakiwa kwa sababu serikali imekimbia kuubadilisha ukweli wake."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Omba radhi. Kliniki si inafanya kazi? Umeshinda."

Nilitoka pale nimeamua kuomba. Sentensi moja haiui mtu.

Jumatano, 16 Oktoba

Indai kapiga kabla sijapiga mswaki.

Mtoto ana manjano. Macho, ngozi, hadi nyayo. Dk. Sivanesan kamlaza chini ya taa ya buluu, kasema akae hapo siku kadhaa, atakuwa mzima, mradi umeme usikatike.

Nikasema, basi Mungu asifiwe.

"Sikiliza kwanza," Indai akasema. Jenereta haijafungwa chini. Iko juu ya mbao ile ile iliyoshuka nayo botini, na kamba zake. Mafundi wamelala kwenye veranda ya nyumba ndefu, wanakula, wanacheza karata. Unchat kawauliza mbona hawaendi. Wakamwambia bila kuficha: ni ya kukodi. Wamepewa agizo, Naibu Waziri akishaomba radhi bungeni, swali limefungwa, wapakie warudi. Daktari naye ni wa kuazima, anaondoka na boti hiyo hiyo. Kijana wa watu kawapigia wakubwa zake kuomba abaki, wakamwambia kituo hicho hakina nafasi ya daktari.

"Sasa hiyo radhi unaiomba lini?"

"Kesho."

Nikasikia jenereta ikinguruma nyuma yake, muda mrefu.

Nimekwenda kwa Waziri. Nimemweleza habari ya mtoto. Huyo aliyempakata kwenye picha. Kaguswa kweli, nilimwona. Kavua miwani. Kisha kasema mkataba wa kukodi unaisha na hauna kifungu cha manjano.

Nikijiuzulu leo, anasimama mwingine kesho na kuomba radhi kwa niaba ya wizara. Nikiomba mwenyewe, wanapakia. Nikikataa, ni kama nimejiuzulu. Nimeligeuza jambo hili mchana kutwa hadi usiku huu kama yule kuku na mayai yake.

Alhamisi, 17 Oktoba

Naandika kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Nimefunga mlango kwa ndani.

Kwa kuwa ni sentensi moja, walikuwa wameniweka mwisho kabisa, dakika chache kabla ya Bunge kuahirishwa hadi Jumatatu. Waziri kakaa mbele, mguu juu ya mguu. Spika kaniita.

"Mheshimiwa Spika, nasimama kuomba... kuomba ridhaa yako nianze na mto wenyewe. Maana huwezi kuielewa kliniki usipouelewa Mto Beruai."

Nikaanza. Chanzo chake. Vijito vyake, kimoja kimoja, na kwa nini kila kimoja kinaitwa hivyo. Samaki. Spika akakohoa: Naibu Waziri, radhi. Nikasema naielekea, Mheshimiwa Spika, ila radhi isiyo na maelezo italidharau Bunge lako tukufu. Wakubwa wa pande zote wakatikisa vichwa kukubali, hakuna anayependa Bunge lidharauliwe. Nikahamia kwa waliojenga nyumba ndefu ya kwanza.

Waziri akashusha mguu.

Hapo Chiew akasimama. Nikajua nimekwisha. "Taarifa, Mheshimiwa Spika. Naomba Naibu Waziri arudie vile vijito, upande huu hatukusikia vizuri. Hasa cha tatu." Sura kavu kama ubao. Nikarudia. Vyote. Nilikuwa nimeingia kwa babu yangu, alivyokuwa akitibu homa kwa mizizi, kengele ikalia. Spika akafunga kikao. Karani akasoma kanuni: aliyekatizwa na kengele ataendelea kikao kijacho pale alipoishia.

Indai alikuwa hewani nilipofika huku. Walikuwa wanatazama, kliniki nzima, kwenye simu ya daktari.

"Mafundi wanauliza, hiyo ndiyo ilikuwa radhi? Wapakie?"

"Waambie bado naongea."

"Ulikuwa umefika kwa babu yako."

"Ndiyo."

"Babu yako hakuwa na mambo mengi, Lemia."

"Jumatatu atakuwa nayo, Indai. Manjano je?"

Nyayo zimeanza kurudi rangi, anasema. Macho bado.

Sasa wanagonga. Sauti ya mnadhimu, binti yangu, binti yangu, na nyuma yake Waziri, haiti jina langu, anauliza mtu mwingine nani mwenye ufunguo. Nimevuta kiti mlangoni. Namwomba Indai, bado yuko hewani, aniambie upesi yote anayoyajua kuhusu baba yake babu.